Kiapo Kabla ya Fainali

Kila alfajiri, baada ya swala na kabla jua halijachomoza, wasichana wa timu ya Shule ya Gubis walifanya mazoezi kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya madarasa. Gubis ni kijiji kidogo, si mbali na Sangailu, na saa hiyo mbuzi huwa bado wamejikunyata ndani ya maboma ya miiba. Wasichana walikimbia wakiwa wamevaa suruali ndefu na hijabu zilizofungwa kwa nyuma ili zisiwasumbue. Kocha wao, Mwalimu Bonaya, alisimama katikati na filimbi mdomoni. Alikuwa Mborana kutoka Wajir na Kisomali chake kilikuwa kidogo, kwa hivyo mazoezi yote yalikwenda kwa Kiswahili.

Weris alikuwa beki wa kati. Nyuma yake, golini, alisimama rafiki yake Shamso. Wote wawili walikuwa gredi ya nane, nyumba zao zilitazamana, na kuteka maji walikwenda pamoja. Weris alizoea kucheza bila kugeuka nyuma. Mpira ukimpita alisikia tu mikono ya Shamso ikiudaka, pap, halafu sauti yake, ikimwita dada kwa Kisomali: "Tulia, abaayo, ninao!"

Mwaka huo Gubis waliwashinda majirani zao wote, wakapata nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya shule za kaunti, mjini Garissa. Bingwa wa kaunti angeendelea hadi mashindano ya kanda, kucheza na mabingwa wa Wajir na Mandera. Hakuna timu ya Gubis iliyowahi kufika huko. Tena kulikuwa na habari nyingine, ambayo Shamso aliizungumzia kila siku: mwalimu wa michezo wa sekondari moja ya bweni angekuja kuangalia fainali. Alikuwa anatafuta kipa, na shule yake iliwasomesha bure wachezaji wachache kila mwaka. Ng'ombe wa baba yake Shamso walikuwa wamekufa kwa ukame. Bila msaada kama huo, safari yake ya masomo ingeishia gredi ya tisa.

Kabla ya kuondoka, Mwalimu Saynab, aliyepewa kazi ya kuwaangalia wasichana safarini, aliwaambia, "Mkiumwa na chochote, hata kidole, niambieni mimi."

"Lakini msilete mambo madogo madogo," Mwalimu Bonaya aliongeza. "Tunakwenda kuleta kombe."

Wasichana walicheka wakapanda gari.

Walifika Garissa wakiwa wekundu kwa vumbi. Upepo wa msimu wa kiangazi ulikuwa ukivuma bila kupumzika, ukirusha mchanga na makaratasi barabarani. Kwenye miti ya shule walikopangiwa kulala walisimama korongo wakubwa wenye vichwa vya upara, kimya, wakiwatazama watu waliokuwa chini. Hani, kipa wa akiba na mdogo kuliko wote, alimshika Weris mkono.

"Hawa ndege wanangoja nini?" aliuliza.

"Wanangoja mabaki ya chakula," Weris alimjibu. Hata hivyo, yeye pia hakupenda macho yao.

Nusu fainali ilichezwa siku iliyofuata, alasiri, dhidi ya timu kutoka upande wa Dadaab. Gubis waliongoza kwa bao moja. Dakika za mwisho mshambuliaji wa Dadaab alichomoka peke yake. Weris alimkimbilia, akachelewa. Shamso akatoka golini na kujirusha miguuni mwake. Mpira aliudaka, lakini goti la yule msichana lilimpiga upande wa kichwa, naye akaangukia mlingoti wa goli. Chuma kililia.

Shamso alilala kifudifudi, mpira ukiwa tumboni. Weris alifika wa kwanza. Macho ya rafiki yake yalikuwa wazi, lakini yalimtazama kama yanayotazama ukuta.

"Shamso? Shamso!"

Shamso alipepesa macho. Wakati huohuo filimbi ya mwisho ilipulizwa, na timu nzima ikaja mbio ikiruka na kupiga vigelegele. Walimwinua Shamso juu. Mwalimu Bonaya alimmwagia maji kichwani.

"Uko sawa, kipa wangu?" aliuliza, huku akimwangalia mwamuzi akiandika matokeo.

"Niko sawa, Mwalimu."

"Huyo ndiye simba!" alisema Mwalimu Bonaya, na wote wakashangilia.

Jioni, wasichana walipokuwa wakitawadha kwa ajili ya swala ya magharibi, Weris alimwona Shamso akiosha mguu wa kulia. Akauosha tena. Akauosha mara nyingine, kisha akabaki ameushika.

"Umeshamaliza huo, abaayo," Weris alisema.

Shamso alimgeukia. "Leo tumecheza na nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Weris alidhani anatania. Alipoona kwamba hatanii, alimsogelea.

"Na Dadaab. Umedaka mpira wa mwisho. Hukumbuki?"

"Nakumbuka," Shamso alisema haraka. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya mabomba akiyumba kidogo, na Weris akamsikia akitapika.

Alimfuata. Alimkuta ameinama, mkono mmoja ukutani.

"Nakwenda kumwita Mwalimu Saynab."

"Hapana!" Shamso alimkamata kwa nguvu. "Ukimwambia, kesho sichezi. Yule mwalimu wa bweni atamwona Hani golini, si mimi. Ni kichwa tu, kitapoa. Apa hutamwambia mtu."

"Shamso, umetapika."

"Apa! Wewe ni rafiki yangu au si rafiki yangu?"

Weris alitazama huku na huku. Adhana ilianza msikiti wa karibu, na mwingine ukaitikia.

"Wallahi sitasema," alinong'ona.

Mara tu neno hilo lilipotoka, alitamani alirudishe. Nyumbani kwao mtu haapi kwa jina la Mungu juu ya jambo dogo. Na hili, moyo wake ulimwambia, halikuwa dogo.

Wakati wa chakula Shamso aliukodolea macho wali wake. Taa ilimuumiza, akajifunika uso kwa ncha ya hijabu. Wenzake walidhani anaona haya kwa sababu ya sifa, wakamtania, naye akacheka akiwa amechelewa, wengine walipokwisha kunyamaza. Weris hakumwondolea mwenzake macho, na wali wake ukapoa.

Asubuhi ilimbidi amtikise sana ndipo aamke. Kichwa kilikuwa kimezidi kuuma. Shamso alimtuma dukani, nje ya lango, akanunue dawa ya maumivu. Weris alikwenda. Njiani alipishana na Mwalimu Saynab, aliyekuwa amebeba birika la chai.

"Unatoka wapi, Weris?"

"Dukani, Mwalimu. Nimenunua biskuti."

Mwalimu Saynab alimwangalia mikono, kisha akamwangalia uso. "Hakuna tatizo lolote?"

Pakiti ya dawa ilikuwa imelowa jasho ndani ya kiganja chake. "Hakuna, Mwalimu," alisema. Huo ulikuwa uongo wake wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko ule wa kwanza. Hilo nalo lilimtisha.

Baada ya kumeza vidonge Shamso alionekana kupata nafuu. Alizungumza, hata akanywa chai. Weris alianza kujipa moyo. Pengine kweli kilikuwa kichwa tu. Pengine alikuwa anajitisha bure. Lakini adhuhuri Shamso alimwita "Hodan", jina la mdogo wake aliyebaki Gubis, na hakugundua kosa lake.

Alasiri uwanja ulijaa watu. Upepo ulivuma kutoka upande wa mto, na mchanga ulipita chini chini kwenye nyasi kavu kama moshi. Wapinzani wao, wasichana wa mjini, walikuwa wakipasha misuli moto kwa nyimbo. Kwenye viti vya wageni alikaa mwanamke mwenye miwani, na kila mchezaji alijua ni nani.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Shamso alihangaika kuvaa glavu ya kushoto. Vidole vyake havikuingia. Alisukuma, vikajikunja, glavu ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena.

"Nisaidie," alisema.

Weris alipiga magoti. Mkono wa Shamso ulikuwa baridi na mlegevu, kama mkono wa mtu aliyelala usingizi. Aliingiza vidole kimoja kimoja.

"Shamso, mkono wako umefanya nini?"

"Umekufa ganzi tu. Nimeulalia. Uliapa, Weris. Uliapa."

Weris alitoka mbio akamtafuta Mwalimu Bonaya. Alimkuta akizozana na mtu aliyekuwa akigawa jezi.

"Mwalimu, naomba kusema..."

"Baadaye, Weris, baadaye! Mwamuzi ameshaita timu. Rudi kwa wenzako!"

Pengine angeweza kupaza sauti. Pengine angeweza kumvuta shati. Lakini alikumbuka kiapo, akarudi kwa wenzake, na filimbi ikapulizwa.

Dakika za kwanza mpira ulikuwa mbali, upande wa pili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uchezaji, Weris aligeuka nyuma tena na tena. Shamso alisimama katikati ya goli, mikono ikining'inia, akitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Hakupiga kelele ya kuwapanga mabeki. Hakusema lolote.

Kisha wapinzani walipata kona. Mpira ulipigwa juu, ukapita vichwa vya wengi, ukamkuta mshambuliaji wao mrefu amesimama peke yake karibu na goli. Aliupiga kwa nguvu zote. Weris aliuona ukienda moja kwa moja kwenye uso wa Shamso, na alimwona Shamso akiutazama ukija, bila kuinua mkono, bila kuinamisha kichwa, kama mtoto anayetazama ndege.

Weris hakufikiria. Alijirusha mbele yake, akaudaka mpira kwa mikono yote miwili, akauangukia na kuukumbatia.

Watu walisimama vitini. Halafu kelele zikalipuka. Beki kadaka mpira ndani ya boksi! Mwamuzi alikuja mbio, mkono ukiwa tayari mfukoni. Kadi nyekundu ikainuliwa. Penalti.

"Weris!" Mwalimu Bonaya alipiga kelele kutoka pembeni. "Una wazimu?"

Weris aliinuka, mpira bado ukiwa kifuani. Machozi yalimtoka. "Shamso ni mgonjwa!" alipaza sauti. "Aligonga kichwa jana! Alitapika! Haoni, Mwalimu, hasikii, mwangalieni!"

Wote walimgeukia Shamso. Alikuwa amekaa chini golini, taratibu, kama mtu aliyechoka. Kisha akalala ubavu.

Mwalimu Saynab ndiye aliyefika kwanza. Alimfungua kope. Mboni ya jicho moja ilikuwa ndogo, na ya jicho la pili ilikuwa pana na nyeusi.

"Leteni gari," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini Weris hakuwahi kusikia sauti ya kuogofya kuliko hiyo. "Leteni gari sasa hivi."

Kwa kuwa alikuwa ametolewa nje, Weris alipanda gari pamoja nao. Nyuma yao filimbi ilipulizwa tena. Mechi ilikuwa inaendelea, na Hani mdogo alikuwa amesimama golini kungoja penalti.

Hospitalini walimpokea Shamso kwa machela. Daktari, mtu mwembamba aliyeitwa Duale, alimpima haraka huku akiuliza maswali.

"Alianguka lini? Alipoteza fahamu? Alitapika mara ngapi? Amepewa dawa gani? Nani alikuwa naye tangu jana?"

Mwalimu Saynab alimgeukia Weris.

Weris alirudi nyuma hatua moja. Yale ya uwanjani yalikuwa yamemtoka bila kupanga. Haya angeyasema akijua anachofanya.

"Mwalimu," alisema, "niliapa. Nilisema wallahi."

Mwalimu Saynab alichuchumaa mbele yake, akamshika mabega.

"Nisikilize. Dini yetu haimfungi mtu kwa kiapo cha kumdhuru mwenzake. Ukiapa, halafu ukaona lililo bora kuliko kiapo chako, fanya lililo bora. Kiapo tutakitolea kafara, yaani fidia ya kukivunja, baadaye. Sasa hivi mwambie daktari kila kitu. Usiache hata kimoja."

Weris alisema. Alieleza juu ya mlingoti, na mguu uliooshwa mara tatu, na matapishi, na usingizi mzito, na jina la Hodan, na glavu. Mwisho alisema, "Na dawa nilinunua mimi," akaitoa pakiti mfukoni mwa suruali yake.

Daktari Duale aliichukua, akaisoma, akakaza uso. "Hii huzidisha kutoka kwa damu. Vema kwamba umetuambia." Akamgeukia muuguzi. "Picha ya kichwa, haraka. Nadhani damu inakusanyika ndani."

Picha ilithibitisha alivyodhani. Mwalimu Saynab alimpigia simu baba yake Shamso, na mtandao ulikatika na kurudi, ukakatika na kurudi, hadi mzee akasikia yote na kutoa ruhusa. Ndege ya wagonjwa ilikuja kumchukua Shamso kwenda Nairobi kufanyiwa upasuaji. Weris aliiona ikipaa juu ya mji, kisha vumbi likaificha.

"Atapona?" aliuliza.

"Sijui," alisema Mwalimu Saynab. Hakumdanganya, na Weris alimheshimu kwa hilo, ingawa jibu lilimuuma.

Timu ilipangiwa kulala Garissa usiku mmoja zaidi. Gubis walikuwa wamefungwa bao moja, lile la penalti. Bwenini, baadhi ya wasichana walimpa Weris mgongo.

"Kombe letu umeligawa," mmoja alisema.

"Ungesema jana, mwalimu angempanga Hani mapema," mwingine aliongeza. "Tusingefungwa, na Shamso asingekuwa ndani ya ndege."

Maneno ya huyo wa pili yalichoma zaidi, kwa sababu yalikuwa kweli.

Nyumbani, familia ya Weris haikuwa na uwezo wa kulisha maskini kumi, kama inavyompasa avunjaye kiapo, kwa hivyo alifunga siku tatu kama kafara ya kiapo. Siku zote tatu hakukuja habari yoyote ila hii: amepasuliwa, hajazinduka. Asubuhi Weris alikwenda mazoezini, na sauti ya mpira ukidakwa na Hani ilimfanya ageuke kila mara. Mama yake Shamso alikuwa Nairobi. Mlango wa nyumba ile iliyotazamana na yao ulikuwa umefungwa kwa kamba.

Jioni ya siku ya tatu, Weris akiwa ameshika tende ya kufuturu, Mwalimu Saynab alikuja mbio na simu mkononi.

"Amefungua macho," alisema. "Amemwita mama yake kwa jina sahihi."

Shamso alirudi Gubis baada ya wiki nyingi. Weris aliogopa kwenda kumwona, mpaka mama yake Shamso alipomwita mwenyewe. Alimkuta rafiki yake ameketi mkekani, kichwa kimenyolewa chini ya mtandio. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukiminya mpira mdogo wa matambara, taratibu, kama alivyoelekezwa hospitalini. Mwalimu Saynab na Mwalimu Bonaya walikuwepo.

"Wanasema ulidaka mpira kwa mikono," Shamso alisema.

"Nilidaka."

"Beki wa kati!" Shamso alitaka kucheka, akashika kichwa. "Na yule mwalimu wa bweni?"

"Aliondoka baada ya mechi."

Shamso aliutazama mpira wa matambara. "Daktari amesema mwaka mzima nisicheze. Pengine zaidi," alisema. "Nina hasira na wewe, Weris. Najua umeniokoa, na bado nina hasira."

"Najua."

"Basi kaa. Hasira zitaisha nikiwa nakuona."

Weris aliketi. Mwalimu Bonaya alikohoa, akavua kofia.

"Mwenye kosa la kwanza ni mimi," alisema. "Nilimuuliza Shamso kama yuko sawa huku macho yangu yakiwa kwenye matokeo. Na siku ya pili nilimfukuza Weris alipokuja kusema. Kuanzia sasa, mchezaji wangu akigonga kichwa anatoka uwanjani, na harudi mpaka daktari aseme. Hata kama ni fainali. Hata kama hakuna kipa mwingine."

Mwalimu Saynab aliwatazama wasichana wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Weris, daktari alisema tungechelewa kidogo tu zaidi, tungemrudisha Shamso kwa mazishi. Ulichelewa, lakini ulisema. Wakati mwingine usichelewe. Mtu akikuambia siri ya furaha yake, itunze. Akikuambia siri ya maumivu yake, usikubali kuapa. Mpeleke kwa mtu mzima anayeweza kumsaidia, na huyo akikufukuza, tafuta mwingine, mpaka upate wa kukusikia. Mwenzako atakasirika. Mwache akasirike, mradi awe hai."

Mama yake Shamso alimimina chai. Shamso alinyoosha mkono wa kushoto kuchukua kikombe chake. Kilitikisika, chai kidogo ikamwagika, lakini hakukiangusha.